Futi 400 Zilizokosekana: Uchambuzi wa Kisa cha .22 Eargesplitten Loudenboomer

Bob Hutton wa gazeti la Guns & Ammo la Marekani alikuwa na haja moja: apate bunduki itakayorusha kichwa cha risasi kwa kasi ya zaidi ya futi 5,000 kwa sekunde, sawa na mita 1,524. Risasi hiyo haikukusudiwa kuwindia, kuuzwa wala kushindania shabaha. Ilikusudiwa kuivuka namba ile, basi. Kazi ikafanywa na P. O. Ackley, mmoja wa mafundi bunduki mashuhuri kuliko wote nchini mwao. Alichukua ganda la risasi lililobuniwa kwa ajili ya wanyama wakubwa, akalibana shingo mpaka likashika kichwa chembamba cha milimita 5.7 chenye uzito wa gramu 3.2. Kasi ikaishia futi 4,600, yaani mita 1,402 kwa sekunde.

Zilikosekana futi 400. Risasi hiyo ikapewa jina la .22 Eargesplitten Loudenboomer (.22 ni takriban kipenyo cha kichwa kwa inchi), na jina limevuma kuliko matokeo. Watu hulitaja, hucheka, kisha huendelea na mengine. Naona ni hasara kubwa, kwa sababu ndani ya kichekesho hiki kuna jaribio safi la kifizikia, na zile futi 400 ambazo hazikupatikana zina mengi ya kufundisha kuliko futi 4,600 zilizopatikana.

Fundi aliyejaribu vitu hadi vivunjike

Parker Otto Ackley alizaliwa mwaka 1903 huko Granville, jimbo la New York, akasoma Chuo Kikuu cha Syracuse, na mwaka 1936 akanunua karakana ya bunduki Roseburg, Oregon. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi kwenye ghala la silaha la jeshi huko Ogden, Utah. Vita ilipokwisha akahamia Trinidad, Colorado, akatengeneza mitutu na kuwafundisha vijana ufundi bunduki katika chuo cha mji huo, kabla ya kuhamia Salt Lake City. Alifariki mwaka 1989.

Wasifu huo ni wa kawaida. Kisichokuwa cha kawaida ni namna alivyotafuta majibu. Baada ya vita Marekani ilijaa bunduki za kijeshi kutoka nchi mbalimbali, na wapenzi wa bunduki wakawa wanabishana ipi ina chuma imara. Ackley hakuingia kwenye ubishi. Alizifyatua bunduki hizo kwa risasi zenye shinikizo lililopandishwa hatua kwa hatua mpaka zikapasuka, akaandika ipi imefika wapi. Iliyowashangaza wengi kwa uimara wake ni Arisaka Type 38 ya Wajapani, bunduki ambayo Wamarekani wengi waliidharau.

Jaribio lake jingine bado linanisisimua kila nikilifikiria. Kulikuwa na hoja kwamba ganda lenye kuta zilizonyooka hujibana kwenye kuta za chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu ganda linapokaa, baruti inapowaka, kwa hiyo halirudi nyuma kwa nguvu kubwa kama ganda lililochongoka. Ackley akachukua bunduki ya Winchester Model 94, akatoa kabisa kipande cha chuma kinachofunga bolti, ile inayoziba nyuma ya ganda, akafyatua risasi ya .30-30 aliyokuwa ameinyoosha kuta. Ganda likabaki mahali pake. Mtu asilijaribu hilo nyumbani. Nimelitaja kwa sababu linamwonyesha mtu alivyokuwa: mbele ya swali gumu, aliondoa kila kinachoweza kuficha jibu.

Loudenboomer inapaswa kusomwa hivyo hivyo. Watu waliuliza, je, tukiongeza baruti bila kujali gharama wala busara, kasi itaendelea kupanda? Ackley akatafuta ganda kubwa lililokuwepo sokoni, akaweka mbele yake mojawapo ya vichwa vyembamba vilivyozoeleka, akafyatua.

Mbio za namba

Kwa asiyeifahamu kazi hii, risasi kamili ina ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti ndani, na kichwa mdomoni. Huko Marekani kujaza maganda upya ni shughuli ya kawaida ya wawindaji na walenga shabaha. Baadhi yao hawatosheki na kujaza. Hulichukua ganda la kiwandani, wakalibana shingo lishike kichwa chembamba zaidi, au wakalitanua lishike kinene, au wakalisogeza bega mbele ili baruti iongezeke. Mtutu nao huchongwa chemba ya kulipokea ganda hilo jipya. Risasi za namna hiyo, ambazo hakuna kiwanda kinachozitoa, huziita paka-mwitu.

Ackley alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mtindo wake ulikuwa kunyoosha kuta za ganda na kulipa bega pembe kali, mara nyingi nyuzi 40. Uzuri wa mtindo huo ni kwamba ganda la kiwandani huingia kwenye chemba mpya, likafyatuliwa, na shinikizo lenyewe likalifinyanga umbo jipya. Mwenye bunduki akikosa risasi zake maalumu bado anaweza kutumia za dukani. Moja ya kazi zake, .280 Ackley Improved, ilipewa vipimo rasmi vya viwanda mwaka 2007, miaka 18 baada ya yeye kufariki.

Lakini kwa nini futi 5,000? Hapo hapana siri yoyote ya kisayansi. Ni namba ya duara, na wauza risasi walikuwa wakizifukuza namba za duara tangu mwanzo wa karne. Mwaka 1915 kampuni ya Savage walitoa risasi ya .250-3000, na hiyo 3,000 iliyomo kwenye jina ni futi kwa sekunde. Aliyeibuni, Charles Newton, alipenda kichwa cha grein 100 (grein ni kipimo cha uzito, na 100 ni kama gramu 6.5), ambacho kingefaa zaidi kwa mawindo. Savage wakachagua cha grein 87 ili kasi iguse elfu tatu na tangazo liandikike. Mwaka 1935 Winchester wakatoa .220 Swift: kichwa cha grein 48 kwa futi 4,110 kwa sekunde. Elfu nne ikawa imevukwa na risasi ya dukani. Kila aliyekuwa akifuatilia mambo haya aliona ni nini kinachofuata.

Ukitazama vizuri hesabu ya Savage, utaona kwamba tangu mwaka 1915 namba ya kwenye sanduku ilikwisha kutengana na haja ya mwindaji. Hutton na Ackley waliifuata namba wakasema waziwazi kwamba wanaifuata namba. Kwangu hiyo ni heshima kwa msomaji.

Ganda la tembo, tundu la kindi

Ganda walilolichagua ni la .378 Weatherby Magnum, risasi aliyoitoa mtengenezaji bunduki Mmarekani Roy Weatherby mwaka 1953. Ni ganda la urefu wa milimita 74, kitako chake kina kipenyo cha karibu milimita 15, na lina mkanda wa shaba uliozunguka juu kidogo ya kitako. Likishikwa mkononi linajaza kiganja. Katika kazi yake ya kawaida hubeba baruti inayozidi grein 100, ambazo ni zaidi ya gramu 6.5, na kurusha kichwa cha grein 300 kwa futi 2,925 kwa sekunde. Ni risasi ya nyati na tembo.

Hapa Afrika Mashariki inaingia kwenye kisa kwa mlango wa pembeni. Sheria za uwindaji za baadhi ya nchi za Afrika, Kenya ikiwemo, ziliweka kipenyo cha chini kwa wanyama wa hatari ambacho .378 haikukifikia, ingawa nguvu ilikuwa nayo ya kutosha. Weatherby akalichukua ganda lile lile, akalitanua shingo, ikazaliwa .460 Weatherby Magnum. Ganda moja, basi, likawa na safari mbili zinazopishana: moja kuelekea unene ili sheria za mbugani zitimizwe, nyingine kuelekea wembamba ili Hutton apate namba yake.

Safari ya pili ndiyo inayotuhusu. Mdomo uliokuwa wa milimita 9.5 ukabanwa hadi 5.7, kipenyo kile kile cha risasi ndogo za kuulia kindi wa ardhini na vicheche. Ganda lilibaki na ujazo wake karibu wote, lakini mlango ulipungua. Ukipiga hesabu ya eneo la tundu, mtutu wa .378 una takriban milimita za mraba 71, na mtutu mpya una kama 25. Hebu fikiria mashabiki wote wa Uwanja wa Benjamin Mkapa, siku ya Simba na Yanga, waambiwe watoke kwa geti moja. Kuongeza mashabiki hakuongezi kasi ya kutoka.

Kwa nini zilikosekana

Linganisha na .220 Swift, maana hapa ndipo kisa kinapong'aa. Ujazo wa ganda hupimwa kwa uzito wa maji yanayolijaza, na ganda la Swift lina ujazo wa karibu grein 48 za maji. Ganda la .378 lina karibu 136. Ackley aliongeza ujazo karibu mara tatu, kwenye tundu lile lile, na kichwa kilichozidi grein mbili tu kwa uzito. Kasi ikatoka futi 4,110 hadi 4,600. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 12.

Pima sasa kwa nishati. Kichwa cha Swift hutoka na takriban jouli 2,440. Cha Loudenboomer kilitoka na jouli kama 3,180. Ganda lile la .378 likiwa na kichwa chake cha kawaida cha grein 300, hutoa zaidi ya jouli 7,700. Maana yake ni kwamba ganda lile lile, lilipobanwa shingo, lilitoa kazi isiyofika nusu ya ile ambayo lingeifanya kupitia tundu pana. Nishati nyingine ilikwenda wapi?

Sehemu yake ilikwenda kuisukuma gesi yenyewe. Jambo hili husahaulika sana. Baruti ikiungua haitoweki. Inageuka gesi yenye uzito ule ule, na gesi hiyo nayo inatakiwa ikimbie ndani ya mtutu nyuma ya kichwa. Kwenye Swift baruti ni pungufu kidogo ya uzito wa kichwa, kwa hiyo mzigo wa gesi si mkubwa. Kwenye ganda la .378, lenye nafasi ya zaidi ya grein 100, na kichwa cha grein 50, baruti inaweza kuwa na uzito wa kichwa mara mbili. Unaiwasha ili isukume kichwa, nayo inatumia sehemu kubwa ya nguvu kujisukuma yenyewe. Kila grein unayoiongeza inaleta nguvu na mzigo kwa pamoja, na kadiri unavyoongeza, mzigo unaikaribia nguvu.

Sehemu nyingine ilikwenda nje ya mtutu. Ujazo mkubwa nyuma ya tundu dogo unataka baruti inayoungua polepole, la sivyo shinikizo litapanda ghafla na kupasua chuma. Baruti ya polepole nayo inataka kitu kizito mbele yake, kiizuie mpaka ishike moto barabara. Kichwa cha gramu 3.2 hakizuii kitu. Kinachomoka mapema, nafasi ya nyuma yake inatanuka, shinikizo linashuka, na kichwa kinafika mdomoni wakati baruti bado ina mengi ya kusema. Kilichobaki kinaungulia hewani. Huo ndio mwali, na huo ndio mshindo. Mshindo ulioingia kwenye jina ni nishati iliyotakiwa imsukumie Hutton futi zake 400. Kwangu hili ndilo jambo tamu kuliko yote katika kisa kizima: jina la utani limetaja kwa usahihi mahali nishati ilikopotelea.

Kuna anayeuliza, si wangepandisha tu shinikizo? Hapana. Bunduki za kisasa tayari hufanya kazi karibu na mpaka wa ganda. Shaba ikizidiwa, kitako hulegea, fataki hutoboka, na gesi yenye joto kali hurudi usoni kwa mtu. Ackley, aliyepasua bunduki nyingi kwa makusudi, alikuwa anaujua mpaka huo vizuri.

Tena hata kama shinikizo la baruti lingekuwa na nafasi ya kupanda zaidi, gesi yake ina ukomo wa asili. Ni gesi ya molekuli nzito kiasi, na haiwezi kutanuka haraka kuliko molekuli zake zinavyokwenda. Wanasayansi waliohitaji kasi ya kimondo waliachana na gesi hiyo. Bunduki za maabara zinazotumiwa na NASA kujaribu kinga za vyombo vya anga hutumia baruti kusukuma pistoni, pistoni ikabana haidrojeni, na haidrojeni ndiyo inayosukuma kitu kinachorushwa. Kwa sababu haidrojeni ni nyepesi mno, kasi hufika kilomita 7 kwa sekunde na zaidi. Jibu halikuwa kuongeza baruti, lilikuwa kubadili gesi.

Kichwa nacho kina lake

Tuseme zile futi 5,000 zingepatikana. Kichwa chenyewe kingefika kwenye shabaha? Chukua mtutu ambao michirizi yake hukizungusha kichwa mara moja kila inchi 14, kipimo cha kawaida kwa mitutu mingi ya .22 yenye kasi. Kwa futi 4,600 kwa sekunde kichwa kinazunguka takriban mara 3,900 kwa sekunde moja. Kwa dakika ni zaidi ya mizunguko 236,000. Kichwa ni madini laini ya risasi yaliyovikwa koti jembamba la shaba, na koti hilo limekwisha kuchanwa na michirizi ya mtutu kabla ya kutoka. Waliotumia Swift walilijua tatizo hili mapema: vichwa vyenye koti jembamba, vilivyotengenezwa kwa .22 Hornet ya polepole, vilipasuka angani. Mtu anafyatua, anaona kamchirizi ka moshi wa kijivu kati yake na shabaha, na karatasi haina tundu.

Kuna pia koo la mtutu, sehemu ile ya mwanzo ambapo michirizi huanza. Gesi yote ya ganda kubwa inapita hapo, ikiwa na joto kali, kwenye mlango wa milimita 5.7. Chuma huungua, hupasuka nyufa ndogondogo, kisha huliwa. Kipimo ambacho mafundi hukitumia ni kugawa ujazo wa ganda kwa eneo la tundu. Swift, ambayo tayari ina sifa ya kula mitutu, Loudenboomer inaizidi karibu mara tatu kwa kipimo hicho.

Wapenzi wa kasi wana utani wao kuhusu hilo: maisha ya mtutu yahesabiwe kwa sekunde. Nimeupigia hesabu utani huo na ni kweli tupu. Kichwa chenye kasi hiyo hukaa ndani ya mtutu wa sentimita 66 kwa muda wa karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Fyatua risasi elfu moja, na mtutu utakuwa umefanya kazi kwa sekunde moja tu ya maisha yake.

Kicheko kina kazi

Jina lenyewe ni Kiingereza kilichovalishwa mavazi ya Kijerumani, mchezo waliokuwa wakiupenda Wamarekani wa kizazi kile. Ukilitamka taratibu unasikia masikio yanapasuliwa na kitu kinanguruma. Kijerumani cha kweli hakimo. Wapenzi wa risasi za mafundi wana majina mengine ya namna hiyo, na mojawapo linalopendwa ni .17 Flintstone Super Eyebunger. Majina haya huwekwa kwenye orodha moja na majina mazito ya viwanda, yale ya Magnum na Ultra na Super, na msomaji akifika hapo hupumua.

Nasema kicheko kina kazi kwa sababu biashara ya risasi imejaa ahadi za kasi. Kila toleo jipya linakwenda haraka, linaruka bapa, linaua papo hapo. Fundi anapolipa zao lake jina la kuchekesha, anakuambia mwenyewe kwamba hakuuzii. Kati ya risasi zote zilizowahi kukimbizwa kwa ajili ya namba, hii ndiyo iliyosema ukweli tangu kwenye jina. Savage waliiandika 3,000 kwenye jina na kulipa kwa kichwa chepesi. Ackley na Hutton waliandika kelele, na kelele ndiyo iliyopatikana kwa wingi.

Si kwamba Ackley alikuwa adui wa kasi. Aliiamini, akaitetea, na alitumia .220 Swift kuwapiga punda-mwitu wa magharibi ya Marekani, akaandika kwamba risasi hiyo ndogo ilifanya kazi kubwa kuliko wengi walivyodhani. Upande wa pili wa ubishi huo kulikuwa na watu walioshikilia vichwa vizito na tundu pana. Wote wawili wangeweza kumtazama W. D. M. Bell, yule mwindaji aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya safari zake za Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Bell aliua zaidi ya tembo elfu moja, wengi wao kwa bunduki nyembamba, hasa .275 Rigby, yenye kichwa kirefu kilichokwenda kwa futi 2,300 hivi kwa sekunde. Hiyo ni nusu ya Loudenboomer. Hakuwa na kasi, hakuwa na unene. Alikuwa anajua fuvu la tembo limejengwaje na ubongo umekaa wapi, na aliweza kukielekeza kichwa hapo. Simtaji Bell kwa kusifia mauaji yale, ambayo leo yanatuuma tukiangalia kilichobaki. Namtaja kwa sababu jedwali la kasi halina safu ya ujuzi wa mwili wa mnyama.

Mlango uliokuwa upande wa pili

Jibu la swali la Hutton lilikuwepo, lakini lilitaka kugeuza hesabu. Shinikizo linahitaji eneo la kusukuma. Eneo linataka tundu pana. Kasi inataka kichwa chepesi na chembamba. Vitu hivyo vinagombana mpaka utakapokivika kichwa chembamba koti pana la muda, linalojaza mtutu na kuanguka mara tu kinapotoka nje.

Remington walilileta wazo hilo madukani mwaka 1977 kwa jina la Accelerator. Walichukua risasi ya kawaida ya .30-06, wakakiweka kichwa cha .22 cha grein 55 ndani ya kikombe cha plastiki chenye kipenyo cha .30, na kikatoka kwa futi 4,080 kwa sekunde. Ganda la .30-06 ni dogo sana mbele ya .378, na mtutu haukuteseka. Tatizo lao likawa ulengaji, kwa kuwa kikombe kisipoachia sawasawa kichwa kinayumba, na bidhaa hiyo haikudumu. Ila kwa hesabu ya kasi kwa kila grein ya baruti, ilikuwa njia ya akili zaidi.

Wanajeshi wameusukuma mlango huo huo mpaka mwisho. Vifaru vyenye mzinga wa Rheinmetall wa milimita 120 hurusha mshale mwembamba wa chuma kizito uliobebwa na koti la vipande, na kasi yake mdomoni hufika mita 1,750 kwa sekunde katika mzinga mrefu. Kwa futi ni zaidi ya 5,700. Namba ya Hutton imevukwa na dude la tani 60, kwa baruti ya kawaida, bila haidrojeni. Kwenye bunduki za mkononi, Steyr ya Austria ilipeleka kwenye majaribio ya jeshi la Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, silaha iliyorusha vishale vyenye uzito chini ya gramu moja kwa zaidi ya mita 1,400 kwa sekunde. Vilifika pale pale alipofika Ackley, kwa ganda dogo linaloingia kwenye magazini ya askari. Jeshi halikuichukua.

Naye aliyebaki na mtutu wa michirizi na kichwa kinachojaza tundu lote, amebaki kwenye uwanja ule ule wa mwaka 1935. Tangu Ackley alipofyatua, baruti za polepole zimeboreshwa sana, na wapo wanaoamini kwamba jaribio lake likirudiwa leo litasogea mbele. Huenda likasogea. Eneo la tundu bado ni milimita za mraba 25, na gesi bado ina uzito wake. Viwanda vimechukua njia nyingine: mwaka 1965 Remington waliichukua .22-250, risasi ya mafundi yenye ganda la wastani, wakaifanya ya dukani, nayo imeenea dunia nzima. Na mwaka 2004 ilipotoka .204 Ruger, ikitangazwa kuwa miongoni mwa risasi za dukani zenye kasi kuliko zote, namba ya kwenye tangazo ilikuwa futi 4,225 kwa kichwa cha grein 32. Kutoka Swift mpaka hapo ni miaka 69, na nyongeza ni futi 115.